Mkuu wa Zamu na Mtambo Usio na Kosa

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "nadhani." Ukimwambia Mkuu wa Zamu kwamba unadhani pampu ya tatu inatetemeka, alikugeukia taratibu, miwani imeteremka puani, akakuuliza, "Wadhani au waona?" Ukijibu unaona, alikuja kuona mwenyewe. Ukijibu unadhani, alikurudisha ukatazame tena, nawe ukatembea urefu wote wa mtambo huku wenzako wanakucheka. Nimefanya kazi chini ya watu wengi hapa Doha, wa kila taifa na kila aina ya hasira. Sijapata kumheshimu yeyote kama nilivyomheshimu yeye, na hakuna aliyenifanyia alichonifanyia yeye. Nayasema yote mawili mapema, ili msomaji asije akafikiri nimekaa hapa kumwimbia mtu sifa.

Mtambo wetu ulikuwa West Bay, nyuma ya minara, jengo lisilo na madirisha ambalo wageni walilipita wakifikiri ni gereji. Kazi yake ilikuwa kupoza maji na kuyasukuma kwa mabomba chini ya ardhi hadi kwenye majengo ya jirani, ili mtu wa ghorofa za juu aweze kuvaa suti katikati ya mwezi wa saba. Wenye suti hawakuwa na habari nasi. Walitujua siku moja tu, siku ubaridi ukipungua, na chini ya mikono ya Mkuu siku hiyo haikuja. Mimi nilikuwa fundi wa zamu, mtu wa Tanga, na kwa sababu hiyo hakuniita jina langu hata mara moja. Aliniita Tanga. Wafula, mwenzangu, Mkenya kutoka Bungoma, alipata bahati ya kuitwa Wafula kwa sababu Mkuu alilipenda jina lenyewe.

Alikozaliwa sikumuuliza, naye hakusema. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, ila Unguja iliyokaa kwenye barafu muda mrefu: maneno ya zamani yalikuwa mazima kabisa na ya kisasa hayakuwemo. Alijua kusema "vyereje" badala ya "vipi" lakini hakujua "bando" la simu ni kitu gani. Alichokuwa tayari kukisimulia ni kituo. Kabla ya Doha alikuwa ameishi miaka mingi Marekani, kwenye nchi ya maziwa na theluji, akiendesha kinu cha nyuklia cha kufua umeme. Aliingia pale kijana wa kusafisha vichujio, akapanda ngazi hadi akawa mkuu wa chumba cha kuongozea. Aliposema "kituo" bila kuongeza kitu, tulijua ni kile.

Alivaa sweta. Doha, mwezi wa nane, nje hata kivuli kina joto, yeye na sweta lake la kijivu lenye kiwiko kilichoshonwa. Alisema ni kwa sababu ya ubaridi wa chumba cha kuongozea, lakini nilishamwona nalo sokoni akichagua bamia. Na kwenye buti la gari lake kulikuwa na kibao cha plastiki cha kukwangulia barafu kwenye kioo. Wafula alikigundua siku tuliyomsaidia kubadilisha tairi. "Mzee, hii ni ya nini? Unangoja snow Doha?" Mkuu akakichukua mkononi mwake, akakirudisha palepale kilipokuwa. "Gari haikamiliki bila hicho," akasema. Na huyuhuyu ndiye aliyekuwa akituambia kwamba ile nchi akiikumbuka anasikia kichefuchefu, kwamba hata ikimwita kwa zulia jekundu hakanyagi.

Huko kituoni kulikuwa na desturi ambayo alihama nayo. Mkuu akisema, "Funga vali ya kurudisha maji, namba nne," hukuruhusiwa kugusa kitu. Kwanza urudie: "Nafunga vali ya kurudisha maji, namba nne." Akisikia sawa, alijibu, "Ndivyo." Bila ndivyo yake, mkono ulibaki mfukoni. Alituambia kwamba pale kituoni walifanya hivyo kila siku, kwa kila swichi, watu wazima na mvi zao, na hakuna aliyeona aibu.

Wafula aliona aibu. "Mzee, hii ni kazi ama ni nursery school?"

"Umeuliza kama hii ni kazi ama ni nursery school. Ndivyo?"

"Ndivyo," Wafula akasema kabla hajajitambua, tukacheka hadi machozi.

Baada ya miezi michache Wafula alikuwa anamrudishia hata mkewe kwenye simu. "Unasema mtoto anahitaji viatu vya shule. Ndivyo?" Mkewe akafikiri mumewe amepata mwanamke huku, mwanamke mwenye adabu za ajabu.

Na usifikiri Mkuu alijiweka kando ya sheria zake. Siku moja asubuhi alimwamuru Wafula kufungua vali ambayo haikupaswa kufunguliwa. Wafula akarudia sawasawa, Mkuu akajibu ndivyo, na Wafula alipokuwa tayari ameweka mkono kwenye gurudumu la vali, Mkuu akapaza sauti: "Simama! Mie nimekosea." Hakuna kilichoharibika. Hakuna ambaye angejua. Lakini alituita wote, hadi mlinzi wa getini, akasimulia kosa lake mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, kisha akavua sweta na kwenda kusafisha vichujio vya maji, kazi aliyokuwa akimpa mgeni wa mwisho kuajiriwa. Jioni ile Wafula aliniambia, "Huyu mzee hawezi danganya hata akitaka. Hana hiyo machine." Nilikubaliana naye kwa moyo wangu wote.

Sifa alikuwa bahili nazo. Ukifanya kazi nzuri ajabu, yeye alikohoa kidogo, basi. Lakini mama yangu alipofariki Tanga nami sikuweza kwenda, yeye na mkewe walifunga safari hadi kambini kwetu na sufuria la wali na kuku wa nazi, wakaketi nasi kwenye mkeka, akasoma dua kwa sauti yake ile kavu, na hakusema neno jingine hata moja mpaka anaondoka. Mkewe ndiye aliyenishika mkono. Yeye alinyoosha mkeka kwa mguu, mahali ulipokunjika. Vitu hivi navitaja kwa sababu ni vya kweli, na kwa sababu ndivyo vilivyonifanya nisikie uchungu baadaye. Mtu baki hawezi kukusaliti.

Sasa nirudi kituoni, maana bila kituo huwezi kumwelewa.

Kinu kile, alisema, kilikuwa kinafanya kazi bila kasoro. Walikiendesha kutoka siku ya kujazwa mafuta mapya hadi siku ya kujazwa tena bila kukizima hata mara moja, na kampuni ikawapa wafanyakazi kofia za pongezi. Msimu uleule wa kofia, kampuni ikatangaza kwamba inakifunga. Si kwa ajali, wala kwa uchakavu, wala kwa maandamano. Kwa sababu hakiingizi faida.

"Haiingii kwa akili," alisema Wafula. Tulikuwa tunakula mchana, sinia la biriani katikati. "Kitu inafanya kazi poa, halafu unaifunga?"

Mkuu akaweka kijiko chini. Hapo ndipo alipokuwa mwalimu.

"Chukulia mie n'na sufuria la harusi," akasema. "Kuni zangu chache, wali mwingi. Lakini wapishi n'nao walewale na walinzi walewale, nikipikia watu elfu au nikipikia mmoja. Na sufuria lile siwezi kulizima adhuhuri na kuliwasha magharibi. Likishapanda moto, ni kupika tu. Sasa jirani yangu ana kikaango cha chapati. Mteja akija, awasha. Mteja akiondoka, azima. Umenifuata?"

"Uko na sufuria, jirani ako na kikaango. Ndivyo?"

"Ndivyo. Na pale sokoni bei ni moja kwa wote, bei ya yule muuzaji wa mwisho aliyehitajika ili watu washibe. Huyo ni mtu wa chapati. Unga ulipokuwa ghali, chapati ilikuwa ghali, na mie nikauza wali wangu kwa bei hiyohiyo nikanenepa. Kisha unga ukaporomoka. Chapati ikawa karibu na bure, na wali wangu nao ukauzwa kwa bei ya chapati. Wapishi wangu hawakupungua. Walinzi hawakupungua. Wali haukuwa na moshi, na chapati ina moshi, lakini hakuna aliyenilipa kwa kutotoa moshi."

"Na unga ni gesi," nikasema.

"Unga ni gesi. Gesi yao wenyewe, waliyoitoa kwa kupasua miamba. Wenye masufuria mawili jikoni mwao walijikongoja, kwani mlinzi mmoja alinda yote mawili. Sisi tulikuwa na moja. Na sufuria likikaribia kutaka matengenezo makubwa, tajiri hajiulizi kama wali ni mtamu. Ajiuliza, fedha hizi nizitie humu au ninunue vikaango? Basi akanunua vikaango."

Wafula akatazama biriani lake kama mtu aliyeonewa yeye. "Na mzee, ukatoka huko ukakuja nchi ya gesi?"

"Nimekuja kula kwa ukoo wa aliyeniua," Mkuu akajibu, akaokota kijiko. Alikuwa anacheka, lakini kicheko hicho hakikufika mbali.

Siku ya kuzimwa kwa kituo aliisimulia mara nyingi na haikufanana. Safari moja ni yeye aliyebonyeza. Safari nyingine alikataa, akakaa kwenye gari nje na theluji ikamfunika kioo. Safari nyingine tena alimwachia binti mmoja aliyemfundisha kazi, ili binti apate la kuwasimulia watoto wake. Wafula alipomkamata ("Mzee, wiki ile si ulituambia ni wewe?"), Mkuu alikunja uso. "Kituo kilizimwa. Hilo n'nalijua." Kwa mtu asiyevumilia "nadhani," hilo lilinishangaza. Nililiweka kwenye kapu la huzuni, nikamsamehe.

Sehemu moja tu haikubadilika kamwe, na aliisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Waliitwa kwenye ukumbi wa chakula. Kijana kutoka makao makuu akawaonyesha picha ukutani, mistari inayoshuka. Mkuu akanyoosha mkono akauliza, "Tumekosea nini?" Na kijana yule, kwa upole, akajibu, "Hakuna mlichokosea."

"Lau wangesema tumekosea," Mkuu alituambia, "mie ningerekebisha. Kosa n'nalijua, nimelelewa na makosa. Sasa mtu asiye na kosa ajirekebishe nini?"

Kwa hiyo nilipoona jinsi alivyoulea mtambo wetu mdogo wa West Bay, nilifikiri naelewa. Alitaka angalau mara moja maishani uzuri wa kazi umlinde mfanyakazi. Tulisugua mabomba hadi yakang'aa. Tulitumia umeme kidogo kuliko mitambo mingine ya jirani, na wageni wa ofisini waliletwa kututazama. Wakati huohuo, nje ya geti letu, watu wa mtandao mkubwa wa mabomba ya kupoza mji walikuwa wanachimba mtaro. Walilaza mabomba ambayo mtu mzima angeweza kutembea ndani yake bila kuinama. Wafula alisimama kwenye geti akatazama yale makoleo. "Tanga, hawa wanatuchimbia kaburi na sisi tunawapikia chai."

Mkuu alisema tusiwe na wasiwasi.

Miezi hiyo ndipo nilipopata nafasi Lusail. Mtanzania mmoja aliyekuwa fundi kule alinipigia: mtambo mpya, mkubwa, wanataka mafundi wenye uzoefu, na daraja la kazi lenyewe linaruhusu mtu kuleta mke. Msomaji aliyeishi huku anajua uzito wa sentensi hiyo. Mke wangu Mwanahawa alikuwa Tanga tangu tuoane, na ndoa yetu ilikuwa ya skrini, tunaonyeshana vyakula. Nilipomwambia habari ya Lusail alipiga kelele hadi jirani yake akabisha hodi. Kesho yake aligawa kuku wake wote kwa dada yake. Nikamwambia asifanye haraka. Akanijibu kuku hawamngoji mtu.

Nilikwenda kumuaga Mkuu baada tu ya Idi. Niliona ni adabu kumwambia kabla ya kusaini chochote. Alikuwa chumba cha kuongozea, peke yake, na alinisikiliza hadi mwisho bila kunikata.

"Kaa," akasema.

"Mkuu, mtaro ule nje..."

"Mtambo huu ni mzuri. Lusail ni wapya, hawajui wanachokifanya, mwaka mmoja watakuwa wanagombana. Nafasi ya kuleta mke nitakutafutia hapahapa. Kaa, Tanga."

Sikuwahi kuthubutu kabla ya siku ile, lakini lilikuwa jambo la mke wangu, nikamuuliza kwa maneno yake mwenyewe. "Mkuu, wadhani au waona?"

Akanitazama juu ya miwani.

"Naona," akasema.

Basi nikakaa. Niliwapigia Lusail nikawaambia wampe mwingine. Mwanahawa akauliza kwenye simu, "Huyo mzee amekuahidi?" Nikamwambia, huyo mzee hahitaji kuahidi, akisema anaona ameona. Nilisema kwa majivuno. Hilo ndilo linaloniunguza.

Mkutano ulikuja kabla mwaka haujageuka. Walituita kwenye chumba cha mapumziko, na kijana kutoka ofisini alikuja na kompyuta yake, akaonyesha mistari ukutani, akieleza kwa Kiingereza. Minara miwili tayari imehamia mtandao mkubwa. Mingine inafuata. Umeme wa nchi hii ni nafuu, kwa hiyo ule tunaouokoa kwa ustadi wetu hauna thamani kubwa kwenye hesabu. Mafundi na vipuri ni vilevile, mtambo ukipoza minara mingi au mmoja. Na kiwanja chenyewe, katikati ya West Bay, kina wanaokitaka kwa mambo mengine. Nilikuwa nalisikia sufuria la harusi katika kila neno lake. Nilimtazama Mkuu nikidhani nitamwona amepasuka. Alikuwa amesimama karibu na yule kijana, mikono nyuma.

Wafula akanyoosha mkono. "Sorry, lakini tumekosea wapi?"

Kijana akageuka kumtazama Mkuu, kama mtu anayempisha mwenyeji ajibu. Na Mkuu akatujibu kwa Kiswahili, kwa sauti yake ileile kavu.

"Hakuna mlichokosea."

Wafula alinishika goti chini ya meza. Na bado kijana hakuwa amemaliza: alimshukuru Mkuu, msimamizi wetu, mbele yetu sote, kwa hesabu za mtambo alizowaandalia kwa uangalifu mkubwa tangu kabla ya Ramadhani, ambazo bila hizo uamuzi usingekuwa rahisi hivi.

Tangu kabla ya Ramadhani. Mimi nilikwenda kwake baada ya Idi.

Tulimaliza wiki zilizobaki na hakuna aliyeacha kufanya kazi sawasawa, jambo ambalo hata leo linanitia aibu na fahari kwa pamoja. Siku ya kuzima tulikuwa sote pale. Alitoa amri moja baada ya nyingine, nasi tulirudia moja baada ya nyingine. Ya mwisho iliniangukia mimi. "Zima pampu kuu, namba moja." Nilitaka kusema neno jingine. Nilitaka kusema jina la mke wangu. Nikasema, "Nazima pampu kuu, namba moja." Akasema, "Ndivyo." Jengo likanyamaza, na nikagundua kwamba sijawahi kulisikia likinyamaza. Watu walipoanza kuagana mimi nilipitia mlango wa nyuma.

Lusail walishajaza. Wafula alisema khalas, ametosheka na Doha, akarudi Bungoma. Mimi nikapata kazi ya udereva kwa familia moja Al Wukair, watu wema, watoto wao wananiita ammu, yaani ami. Nilipewa chumba cha dereva karibu na geti. Dereva haleti mke. Mwanahawa hakunilaumu hata siku moja, na ningependa angenilaumu. Aliniambia tu kwamba dada yake alikwisha kula kuku wawili na waliobaki hawamtambui tena.

Nilikuwa namchukia Mkuu kwa utaratibu, kila asubuhi nikiwapeleka watoto shule. Nilimtungia hotuba. Nilimlinganisha na kijana wa makao makuu wa Marekani na nikaona kijana yule ni nafuu, kwa maana yeye hakuwahi kunywa chai na wafanyakazi wa kituo. Niliyapanga maneno vizuri sana, na siku ya kuyatumia ilipokuja sikuwa nayo hata moja.

Ilikuwa kwenye bakala, duka dogo la mtaani, karibu na nyumba ya tajiri wangu. Nimeegesha gari nangojea chai ya karak, jioni, mlango wa abiria ukafunguliwa na mtu akaingia akakaa. Sweta la kijivu. Alikuwa amekonda.

"Nimeuliza wengi mpaka nikaelekezwa hapa," akasema. "Mie niko Lusail sasa. Mtambo mkubwa. Wamenipa zamu nzima, na wavulana wengi hawajui hata kurudia. N'na nafasi ya fundi. Daraja lile, la mke."

Chai ililetwa dirishani, akaipokea yeye, akanipa.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Nilikuuliza waona au wadhani."

"Nikakwambia naona. Na niliona, Tanga. Niliona mtambo unafungwa." Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo cha gari. "Mtambo hauzimwi na watu wa kuokoteza. Ungeondoka wewe, Wafula angekufuata, na mie ningebaki na wageni wa kukodi, na minara ina watu ndani. Ina wazee, ina zahanati. Kule kituoni waliijua hatari hiyo. Walitulipa ziada ili tusiondoke mpaka siku ya mwisho. Hapa niliomba mlipwe, wakakataa. Sikuwa na cha kuwalipa. Nikawalipa maneno."

"Maneno ya uongo."

"Maneno ya uongo. Sikuwa na mengine."

Karak ilikuwa ya moto sana, nikaishika hivyohivyo. Nilimuuliza kama angekuwa na nafasi ya kurudia, mbele ya mtu yuleyule, mwenye mke yuleyule, angefanyaje. Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa haki, kama alivyokuwa akifikiri mbele ya saa za presha, na nikajua kwamba safari hii nitapata ukweli na kwamba siutaki.

"Ningesema vilevile," akasema.

Kisha akanisubiri, naye anajua kusubiri. Mimi nikamfikiria Mwanahawa na chumba changu karibu na geti. Ningekuwa mtu wa hadithi ningemfungulia mlango nikamwambia ashuke. Nilimwambia nitakuja, anipe wiki nimuage tajiri wangu vizuri. Akakohoa kidogo.

Sasa niko Lusail. Ni mtambo wa ajabu, naupenda, sitasema uongo. Wavulana wanarudia. Mle ndani pampu zinanguruma na masikio yetu yamezibwa, kwa hiyo mtu akiingia zamu anainua tu mkono kusalimia, na mimi namwinulia mkono Mkuu kama wengine. Nyumbani kwake ananialika na sijapata nafasi.

Mwanahawa alifika mwezi uliopita. Ijumaa nilimtembeza ufukweni Lusail, anashangaa taa, anashangaa watoto wa watu kwenye baiskeli za kukodi, na kutoka upande wa pili akaja Mkuu na mkewe, polepole, yeye na sweta lake. Nilimnong'oneza mke wangu kwamba huyu ndiye mkubwa wangu wa kazi. Sikusema zaidi, wala sijawahi kumweleza zaidi. Kwake yeye, huyu ni mzee aliyetukutanisha. Akatengeneza mtandio wake, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Mkuu akasema, na sauti yake haikuwa kavu. "Marahaba. Karibu Doha. Tumekungoja sana."

Kisha akanigeukia mimi. Mkewe alinigeukia pia, na Mwanahawa. Nilimwamkia mzee yule kila siku kwa miaka yote ya West Bay bila kufikiri, na pale mbele ya wanawake wawili wanaonipenda alisimama ananingoja, midomo tayari kuitikia.

"Habari za jioni," nikamwambia.

Mwanahawa alinitazama kwa mshangao. Mkuu hakushangaa.

"Nzuri," akasema.